Kongo: Nchi Iliyozaliwa na Njia

Februari 1887 meli ya Madura iling'oa nanga Unguja. Ndani yake alikuwamo Henry Morton Stanley na watu wapatao 600 walioandikwa Unguja kuwa wapagazi na askari. Alikuwamo pia Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye bara zima lilimjua kwa jina la Tippu Tip, pamoja na wake zake na wafuasi wake. Wote walikuwa wakienda Kongo. Lakini meli haikuwavusha kwenda Bagamoyo ili washike njia ya Tabora na Ujiji, njia ambayo Stanley na Tippu Tip waliijua vizuri kuliko mtu yeyote mwingine ndani ya meli ile. Ilielekea kusini, ikapita Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda Bahari ya Atlantiki mpaka mdomo wa mto Kongo. Tippu Tip alikuwa amekubali kuwa wali wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji huko Stanley Falls, mahali tunapopaita Kisangani leo. Kwa hiyo mfanyabiashara ambaye tangu ujana wake alikuwa akiingia nchi hiyo kwa miguu kutoka mashariki alizungushwa nusu ya Afrika kwa bahari ili aingie kutoka magharibi.

Sababu ya safari hiyo ilikuwa ya kisiasa. Leopold alitaka ionekane kwamba Kongo ni nyumba yenye mlango mmoja, na kwamba ufunguo wake anao yeye. Haikuwa hivyo wakati ule, wala sioni kwamba imewahi kuwa hivyo. Kongo ilikuwa na milango mingi. Waliokaa karibu na mlango mmoja walifanya biashara, walisali, walivaa na walisema kwa namna ambayo wenzao wa mlango mwingine hawakuijua. Historia ya kanda za nchi hiyo ni historia ya milango hiyo na njia zilizotoka humo, na mtu akiisoma kwa macho hayo ataelewa kwa nini hata leo Goma, Mbuji-Mayi, Matadi na Lubumbashi kila mmoja unatazama upande wake.

Tuitazame kwanza ardhi yenyewe. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,345,000, karibu mara mbili na nusu ya Tanzania. Inapakana na nchi tisa, lakini pwani yake ni ya kilomita 40 hivi tu. Katikati kuna bonde kubwa la msitu. Mto huliendea kutoka kusini, ukapanda kaskazini, ukageuka magharibi, kisha ukashuka kusini-magharibi, na katika mzunguko huo unavuka ikweta mara mbili. Kusini mwa msitu kuna nyika za Kasai na Kwilu. Mashariki ardhi inainuka na kuwa milima, volkano na maziwa: Albert, Edward, Kivu, Tanganyika. Kusini-mashariki kuna nyanda za juu za Katanga, ambako shaba iko karibu na uso wa ardhi. Ni rahisi kudhani kwamba maumbile hayo ndiyo yaliyogawa watu. Yamechangia, sikatai. Lakini msitu uleule una watu wa Lingala upande mmoja na watu wa Kiswahili upande mwingine, na nyika zilezile zimegawanyika baina ya Tshiluba na Kiswahili. Kilichowatenganisha ni njia walizozitumia kwenda kuuza, kutumwa na kutoroka.

Mlango wa kwanza kuandikwa katika vitabu ni wa magharibi. Mwaka 1482 baharia Mreno Diogo Cão aliufikia mdomo wa mto, na humo alikuta habari za ufalme wa Kongo uliokuwa na mji mkuu, majimbo, kodi na sarafu ya simbi. Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa. Mwanawe Afonso wa Kwanza alijifunza kusoma na kuandika Kireno, akajenga makanisa na shule, na mwaka 1526 alimwandikia mfalme wa Ureno kulalamika kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiwakamata raia wake, hata watu wa ukoo wake, na kuwauza. Barua hizo zipo hadi leo. Huwa nazikumbuka kila ninaposikia ikisemwa kwamba Kongo iliingia katika historia pamoja na Stanley.

Ufalme ulivunjika mwaka 1665 katika vita vya Mbwila, ambamo mfalme aliuawa na jeshi la Wareno. Mwaka 1706 binti mmoja kijana, Kimpa Vita, aliyehubiri kwamba ufalme urudishwe na mji wa Mbanza Kongo ukaliwe tena, alichomwa moto. Mipaka ya Ulaya ilipokuja baadaye, Wakongo waligawanywa: wengine Angola, wengine Kongo ya Wafaransa, wengine Kongo ya Leopold. Mbanza Kongo wenyewe uliangukia Angola. Kwa hiyo kabila lililoipa nchi jina lake liliingia humo likiwa limeshapoteza mji wake wa kale.

Maumbile ya upande huo yana ukatili wa pekee. Meli ya baharini inaweza kupanda mto hadi Matadi, na hapo husimama. Kati ya Matadi na bwawa pana la Malebo, ambalo juu yake Kinshasa na Brazzaville hutazamana, mto unashuka kwa maporomoko mfululizo kwa zaidi ya kilomita 300. Juu ya maporomoko hayo kuna maelfu ya kilomita za mito inayopitika kwa mashua, lakini hakuna mashua inayoweza kuyateremka. Leopold alilazimika kujenga reli. Kazi ilianza 1890 na kumalizika 1898, kilomita 366 za miamba na mabonde, zikijengwa na watu waliokusanywa Kongo, Afrika Magharibi, Unguja na hata China. Takwimu rasmi zilitaja vifo karibu 1,900, wengi wao Waafrika. Kabla ya reli mizigo yote ilibebwa kichwani, na vijiji vya kando ya njia hiyo vilihamwa kwa sababu hakuna aliyetaka kukamatwa awe mpagazi.

Reli ilipofika Malebo, kituo kidogo kilichokuwa pale kikawa kitovu cha dola nzima. Sifa ya mahali hapo ilikuwa moja: ndipo mizigo ilipohamishwa kutoka mashua kwenda garimoshi. Mji mkuu ulihamishwa kutoka Boma hadi Léopoldville (Kinshasa ya leo) katika miaka ya 1920, na tangu hapo kila anayeitawala Kongo anaitawala akiwa ameketi kwenye ukingo wa magharibi kabisa wa nchi, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Bukavu. Yapo makosa mengi katika historia ya Kongo ambayo watu hubishania. Kwangu mimi hili la mahali pa mji mkuu ni zito kuliko mengi yanayotajwa mara kwa mara.

Kutoka Malebo kwenda juu, mto unapitika kwa kilomita 1,700 bila kizuizi hadi maporomoko ya Boyoma, Kisangani. Hiyo ndiyo njia ya pili. Kabla ya Wazungu ilikuwa mikononi mwa Wabobangi, wafanyabiashara wa mitumbwi waliouza samaki, mihogo, pembe za ndovu na, ni lazima kusema, watumwa. Lugha yao ya biashara ilienea kwenye kingo zote mbili. Meli za mvuke za Leopold zilipoingia, mabaharia, makarani na askari wa Force Publique, jeshi la koloni, waliichukua lugha hiyo, wakaikata, wakaichanganya. Huko Makanza, kituo kilichoitwa Nouvelle-Anvers, mmisionari Égide De Boeck aliikuta mwanzoni mwa karne ya 20 na kuanza kuisanifu ili aitumie shuleni. Matokeo yake ni Lingala, lugha iliyokulia kwenye mashua na kambi za jeshi kabla ya kuvaa nguo za starehe mjini.

Mashua hizohizo ndizo zilizobeba mpira wa porini. Jimbo la Équateur, kitovu cha Lingala, lilikuwa pia kitovu cha mateso: vijiji vilipangiwa uzito wa mpira wa kuleta, walioshindwa wakatekwa wake zao, wakauawa, wakakatwa mikono. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alipanda mto mwaka 1903, akawasikiliza walionusurika, na ripoti yake ya 1904 iliitikisa Ulaya. Leopold, ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja, alinyang'anywa nchi hiyo mwaka 1908, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji.

Baada ya vita vya pili vya dunia Lingala ilipata nguvu nyingine isiyotegemea bunduki. Wendo Kolosoy, aliyekuwa fundi wa meli za mtoni, alirekodi "Marie-Louise" mwaka 1948. Joseph Kabasele na African Jazz waliutangaza uhuru kwa "Indépendance Cha Cha" mwaka 1960. Franco na OK Jazz waliendelea kwa zaidi ya miaka 30. Redio ya Léopoldville ilifika mbali sana, na watu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ambao hawakuelewa neno hata moja walicheza usiku kucha.

Nyika za kusini nitazipitia kwa haraka, ingawa zilistahili kitabu. Hapo ndipo zilipokuwa dola za Waluba, Walunda na Wakuba. Kwenye bonde la Upemba makaburi ya Sanga yametoa vyungu na mapambo ya shaba ya zaidi ya miaka elfu iliyopita. Wazee wa Kiluba walihifadhi historia ya wafalme kwa lukasa, ubao wenye shanga na alama ambao mjuzi aliugusa kwa vidole akisimulia. Wakuba walifuma kitambaa cha rafia hadi kikawa kama mahameli, na walimficha mgeni njia za kwenda kwao mpaka William Sheppard, mmisionari Mmarekani mweusi, alipoufikia mji wao mwaka 1892. Tshiluba cha Kasai kilipata sura ya maandishi kutokana na misheni za Wakatoliki na Wapresbiteri. Baadaye zilipatikana almasi karibu na Bakwanga, mji unaoitwa leo Mbuji-Mayi. Waluba wa Kasai walisoma mapema, wakaajiriwa mapema, na walifuata reli popote ilipokwenda. Hilo liliwapa mkate, na baadaye liliwaletea balaa.

Sasa tuje mashariki, ambako msomaji wa Kiswahili anajikuta yuko nyumbani na pia mbele ya maswali magumu.

Njia ya mashariki ilikuwa ya miguu. Ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikaingia Manyema hadi Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Waliokuwa wakiitembea hasa ni Wanyamwezi, wapagazi hodari kuliko wote wa karne ya 19, na nyuma yao mtaji wa Unguja. Walikwenda kutafuta pembe za ndovu, na pembe zilihitaji vichwa vya kuzibeba, na vichwa hivyo vilikamatwa kwa bunduki. Julai 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe watu wa misafara walipofyatua risasi sokoni na kuua mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza. Hatuwezi kusifu kuenea kwa Kiswahili bara tukanyamaza kuhusu soko la Nyangwe.

Hata hivyo haikuwa njia ya maangamizi peke yake. Kasongo chini ya Tippu Tip ilikuwa na mashamba ya mpunga, nyumba za mtindo wa pwani na misikiti. Vijana wa Manyema waliochukuliwa wakiwa watoto walikua wakivaa kanzu, wakisema Kiswahili na kujiita waungwana, nao wakaongoza misafara yao wenyewe. Tippu Tip mwenyewe, alipostaafu Unguja, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu hicho ni mojawapo ya vitabu vya kwanza vya Mwafrika wa mashariki kusimulia safari zake kwa kalamu yake.

Uwali wake wa Stanley Falls haukudumu. Alirudi pwani mwaka 1890, na kuanzia 1892 Force Publique iliwapiga vita wenzake. Nyangwe na Kasongo zilitekwa mwaka 1893. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba vita hivyo viliiondoa bendera ya wafanyabiashara lakini havikuiondoa lugha yao. Wabelgiji waliwahitaji makarani, wakalimani na askari, na watu waliokuwa tayari kwa kazi hizo walikuwa wa Kiswahili. Kingwana, kama kilivyoitwa, kilipanda kaskazini hadi Ituri na kushuka kusini kando ya Lualaba.

Wamanyema nao walisafiri kinyume cha njia. Wengine walipelekwa kwa nguvu, wengine walifuata kazi. Walijenga mitaa Ujiji, Tabora, Unguja na Dar es Salaam. Huko Bujumbura, mtaa wa Buyenzi umekuwa wa Waislamu wasemao Kiswahili tangu enzi ya ukoloni, na familia nyingi za humo zina asili ya Manyema. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947 na kufika Dar es Salaam mwaka 1978, alikuwa Mmanyema wa kizazi kingine kwenye njia ileile.

Kusini zaidi, njia hiyohiyo ilizaa dola. Katikati ya karne ya 19 Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa shaba kutoka upande wa Usumbwa katika Unyamwezi, alihamia Katanga na watu wake, waliokuja kuitwa Wayeke. Alijenga mji wa Bunkeya, akanunua bunduki kwa shaba, pembe na watumwa, akafanya biashara na Bagamoyo upande mmoja na Benguela upande wa pili. Leopold alipoogopa kwamba Cecil Rhodes angeichukua Katanga, alituma misafara kadhaa. Ule uliomaliza kazi, wa Kapteni Stairs, uliandikwa Unguja na kuingia kutoka pwani ya mashariki, kwa wapagazi wa Kiswahili. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi nje ya mji wake. Kwa maneno mengine, Katanga ilitiwa ndani ya dola ya magharibi kwa njia ya mashariki.

Karibu miaka 40 baadaye, hapo Bunkeya, alizaliwa Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa ambaye wimbo wake "Masanga" ulirekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952. Aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, na wapiga gitaa wa Kenya walijifunza vidole vyake kwa kusikiliza santuri.

Katanga ilipata mlango wake wa tatu mwaka 1910, reli kutoka Rhodesia ilipofika mahali pasipokuwa na mji, na mji wa Élisabethville (Lubumbashi ya leo) ukaanza. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeanzishwa 1906. Makaa ya mawe, mashine, wahandisi na magazeti yalitoka kusini, na Kiingereza kilisikika sana madukani. Wabelgiji waliona hatari: jimbo tajiri kuliko yote lilikuwa likigeuka kipande cha Rhodesia. Katika miaka ya 1920 kampuni iliacha kutegemea wafanyakazi wa muda kutoka kusini, ikaandika wanaume kutoka Kasai, Manyema, kaskazini mwa Katanga na Rwanda-Urundi, ikawaruhusu kuja na wake na watoto, ikawajengea kambi, zahanati na shule. Watu hao hawakuwa na lugha moja. Kiswahili, ambacho kilikuwa lugha ya mama ya wachache sana kati yao, kilichaguliwa kuwa lugha ya amri, ya shule na ya kanisa. Kilichaguliwa na wakubwa kwa sababu za wakubwa, lakini watoto waliozaliwa kambini walikifanya chao.

Ushahidi wa hilo ni kitabu kidogo kilichopigwa chapa kwa mashine ya taipu mwaka 1965. Mwandishi wake, André Yav, alikusanya kumbukumbu za watumishi wa nyumbani wa Élisabethville: nani alikuja lini, nani alimpiga nani, mshahara ulikuwa kiasi gani, Wazungu gani walikuwa wema na gani hawakuwa. Kimeandikwa kwa Kiswahili cha mji ule, bila kuomba ruhusa ya sarufi ya Unguja. Miaka michache baadaye mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia yote ya nchi, picha baada ya picha, akizieleza kwa Kiswahili hichohicho. Nashangaa jinsi kazi hizi mbili zilivyo ngeni kwa wanafunzi wetu wa fasihi Dar es Salaam na Nairobi.

Mji huohuo ulikuwa pia gereza la magharibi. Simon Kimbangu, mhubiri wa Nkamba katika nchi ya Wakongo, alikamatwa Septemba 1921 baada ya miezi michache tu ya kuhubiri na kuponya. Hukumu ya kifo iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa Élisabethville, kwa watu ambao hawakujua lugha yake, akafia huko Oktoba 1951 baada ya miaka 30. Wabelgiji walijua vizuri kwamba ndani ya koloni moja mtu anaweza kufanywa mgeni kabisa.

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, nchi ilipasuka pale ilipounganishwa. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa dola. Agosti Albert Kalonji alijitenga na almasi za Kasai Kusini. Waziri Mkuu Patrice Lumumba, Mtetela aliyefanya kazi Stanleyville (Kisangani ya leo) na kuhutubia kama mtu wa nchi nzima, aliondolewa madarakani, akakamatwa, na tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga. Wakati huo Kongo ilikuwa na serikali nne: Léopoldville, Stanleyville, Élisabethville na Bakwanga. Ukiziweka juu ya ramani unaziona njia za zamani: mwisho wa reli ya magharibi, mwisho wa mto, mwisho wa reli ya kusini, na machimbo ya nyika katikati.

Wengi husema ulikuwa ukabila. Neno hilo linaficha zaidi ya linavyoeleza. Katanga ilijitenga kwa sababu kampuni ya shaba ilikuwa na reli yake, bandari zake za nje na fedha zake, na ililipa kodi yake kwa Tshombe badala ya Léopoldville. Ndani ya Katanga yenyewe Waluba wa kaskazini, chini ya Jason Sendwe, walikataa. Waasi wa 1964 waliojiita Simba waliteka mashariki karibu yote hadi Stanleyville, wakitembea na lugha yao njia ya misafara. Che Guevara alipovuka kutoka Kigoma mwaka 1965 kuwasaidia, alipewa jina la Tatu, na katika milima ya juu ya Ziwa Tanganyika alilazimika kujifunza Kiswahili ili aongee na wapiganaji wake.

Mobutu, mkuu wa jeshi, alichukua nchi mwezi Novemba 1965 na kuibana. Majimbo madogo 21 yaliyokuwa yamekatwa miaka ya mwanzo ya uhuru aliyaunganisha tena, miji akaipa majina mapya, nchi akaiita Zaire mwaka 1971, na Katanga akaiita Shaba. Alizaliwa Lisala, kwenye mto, na jeshi lake lilisema Lingala. Mkulima wa Kivu au mfanyabiashara wa Butembo aliyekutana na dola alikutana nayo ikiwa askari mwenye njaa kwenye kizuizi cha barabara, akidai fedha kwa lugha ya mtoni.

Utawala huo ulipodhoofika, chuki iliyopandwa zamani ilichanua Katanga. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa kambi za shaba ambao hawakuwahi kuiona Kasai, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walikaa kwenye stesheni na magodoro yao, miezi kwa miezi, wakisubiri garimoshi la kuwapeleka "kwao", na wengi walikufa hapohapo kwa magonjwa. Reli iliyowaleta babu zao kwa ahadi ya kazi iliwarudisha wajukuu mikono mitupu.

Kisha, mwaka 1996, mashariki iliandamana kwenda magharibi. Majeshi ya muungano wa waasi wa AFDL, yakisaidiwa na Rwanda na Uganda, yalianzia Kivu, yakateka Kisangani Machi 1997, Lubumbashi Aprili, na Kinshasa tarehe 17 Mei. Nyuma yao, msituni, waliachwa maelfu ya wakimbizi wa Kihutu wa Rwanda waliouawa. Kiongozi wao Laurent Kabila, aliyeishi miaka mingi Dar es Salaam, aliingia ikulu pamoja na askari watoto waliosema Kiswahili, na watu wa Kinshasa waliwaita kadogo. Kwa mara ya kwanza wakazi wa mji mkuu waliamrishwa kwa lugha ya mashariki, nao hawakuipenda kama vile watu wa mashariki walivyokuwa hawaipendi Lingala ya askari wa Mobutu. Vita vya pili vilianza 1998, na mashariki haijatulia kweli tangu hapo. Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23, na Februari Bukavu. Ninaandika haya nikijua kwamba Bukavu na Goma kuna watu wanaosoma Kiswahili hiki, wakiwa wamehama nyumba zao mara ya tatu au ya nne, na siwezi kuziita habari zao sura ya historia iliyopita.

Katiba ya 2006 ilizitambua Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, huku Kifaransa kikibaki lugha rasmi. Mwaka 2015 majimbo 11 yaligawanywa kuwa 26, na Katanga ya Msiri na Tshombe ikawa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, jambo ambalo kwa mfanyabiashara wa Uvira au Kalemie lilikuwa kuhalalishwa kwa kile alichokuwa akifanya tangu zamani, kwa kuwa soko lake lilikuwa Kigoma na Bujumbura.

Lakini njia za mizigo bado zinatoka nje kila moja kwa upande wake. Shaba na kobalti za Kolwezi na Lubumbashi hupita Kasumbalesa kwa malori kwenda Dar es Salaam, Durban na bandari nyingine, na sasa mataifa makubwa yanagharamia upya reli ya Lobito, iliyokatwa na vita vya Angola kuanzia 1975, ili madini yafike Atlantiki haraka zaidi. Nasikitika ninapoona fedha nyingi hivyo zikitafutwa kwa ajili ya mawe kutoka, na chache mno kwa ajili ya watu kukutana. Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni ya reli ambayo jina lake lenyewe lilitaja safari kutoka Kongo ya Chini hadi Katanga. Mwaka 1928 reli yake kutoka Katanga ilifika Ilebo, kwenye mto Kasai, ambapo mizigo huhamishiwa kwenye mashua. Kipande cha kutoka Ilebo hadi Kinshasa hakijajengwa mpaka leo.